Akteri Hafi

Haya ni maneno niliyosema jioni moja katika sala, yaani ukumbi, ya parokia, hapa Katuba, Lubumbashi, kabla kundi letu la maigizo halijaonyesha kipande cha hadithi ya televisheni tunayoitengeneza. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke. Kelele za watoto nimeziondoa.

Baba zangu, mama zangu, wadogo zangu mliokaa sakafuni, jambo yenu. Papa Kure, paroko wetu, ametupa sala mpaka saa mbili, na jenereta ina mafuta ya saa moja na nusu, kwa hiyo nikianza kuzunguka, mtu anikoholee.

Nilipokuwa mtoto hapa Katuba, kulikuwa na nyumba ya video: televisheni moja, benchi saba, pazia zito dirishani. Ukichelewa kuingia, huulizi filamu inaitwaje. Unamgusa jirani begani gizani: "Akteri njo nani?" Akteri, kwa wasiotoka kwetu, ni yule wa upande wetu. Wenzetu wa Dar es Salaam humwita stelingi. Wengine wote wanaocheza kwenye filamu hiyo hiyo si maakteri, ni watu tu wanaopita. Na mbele ya akteri yuko shefu bandi, mkubwa wa wabaya. Ukishaonyeshwa hao wawili, unakaa na roho inatulia. Akteri hafi. Akipigwa risasi, inampata begani.

Vijana wa kundi letu wameniomba niseme kama hadithi ya televisheni inahitaji mtu wa kupendwa na mbaya anayejulikana tangu mlangoni. Najua kwa nini wameniomba. Tumegombana juu ya jambo hili tangu Pasaka, na wanafikiri mbele ya Papa Kure nitasema kwa upole.

Ugomvi ulianza hivi. Hadithi yetu inahusu kilio. Mwanamume amekufa, ameacha mke, watoto watatu, nyumba ya matofali ya kuchoma na pikapu inayowaka siku moja kati ya mbili. Baada ya mazishi, baba mdogo wa watoto anafika na ndugu kuchukua vitu. Hapa ndani hakuna anayehitaji nimweleze zaidi. Kila lupango, kila kiwanja chenye nyumba, ina hadithi hiyo, au inaisubiri.

Katika maandishi ya kwanza, baba mdogo aliingia akicheka. Nilimvisha miwani myeusi, usiku. Nikampa hawara ndani ya gari. Alipiga teke sufuria ya bukari, ugali wetu, mbele ya watoto. Mwenzetu aliyemcheza alifanya kazi nzuri mno, na tulipoonyesha kipande hicho mtaani watu walizomea mpaka majirani wakaja kuuliza nani amepigwa.

Siku chache baadaye yule mwenzetu akaenda soko ya Kenya kununua unga. (Kwa wasomaji wa mbali: Kenya ni komuni, sehemu ya mji wa Lubumbashi, unafika kwa miguu.) Mama muuzaji alikuwa ameshajaza meka, kopo la kupimia, amesawazisha juu kwa kiganja, ndipo akainua macho. Akamtazama. Akaurudisha unga wote ndani ya gunia, polepole, asimwage hata chembe. "Bunga yangu shikuuzishe weye. Enda ukule ile mali ya bayatima."

Mwenzetu alirudi mikono mitupu, anafurahi kama mtu aliyevishwa medali. Na mimi nilifurahi. Nilifurahi siku tatu nzima.

Siku ya nne nikaanza kujiuliza yule mama alikuwa ameondoka na nini kwetu. Aliondoka akijua kwamba anayenyang'anya wajane huvaa miwani usiku. Lakini yeye mwenyewe ana kaka zake, ana mashemeji, pengine ana mtoto wa kiume ambaye kesho kutwa atakuwa baba mdogo wa mtu. Hakuna hata mmoja wao anayevaa miwani usiku. Maana yake hakuna hata mmoja wao aliyemo ndani ya hadithi yetu. Tulimtoa jasho mama wa watu kumchukia mtu asiyeishi popote.

Nikaandika upya. Baba mdogo sasa anaingia na shati lile lile jeusi la mazishini, kola imeanza kupauka kwa jasho. Anakaa kwenye kiti kifupi, kile cha watoto, kwa sababu viti vingine vimekaliwa. Anaomba maji. Anayanywa yote. Kisha anatoa ndani ya mfuko wa plastiki kaye, daftari la shule, jalada limelainika kama kitambaa. Ndani ya kaye kuna hesabu ya makala, makaa ya kupikia. Familia ilikuwa na pesa ya kusomesha mtoto mmoja tu, ikamchagua mkubwa. Yeye mdogo akaacha shule mwaka wa sita, akapanda baiskeli, akawa analeta makala mjini kwa barabara ya Kasenga. Analamba kidole, anafungua ukurasa, anasoma kwa sauti ya chini: 1998, magunia 41, minervali (ada ya shule). 1999, magunia 60, minervali na viatu. Anafika 2004, mwaka kaka alipovaa joho la chuo. Anafunga kaye. "Shemeji, mimi sikuja kuiba. Nimekuja na hesabu."

Na mjane, ambaye mpaka hapo hajasema neno, anamuuliza: "Hesabu ya watoto wangu iko ukurasa gani?"

Sheria ya familia ya 1987, kwa wanaopenda vifungu, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mwenzi aliyebaki, wazazi, na ndugu wa marehemu. Kwa hiyo hata mbele ya jaji baba mdogo ana kipande chake, chembamba, ndani ya ile robo. Lakini amekuja na pikapu ya kukodi kuchukua nyumba nzima.

Tulionyesha kipande hicho ndani ya lupango moja, nyuma ya kanisa, kwenye shuka. Kilipokwisha, hakuna aliyezomea. Nikadhani tumeshindwa. Ndipo mzee mmoja akasema, bila kumtazama mtu: "Lakini ule papa alilipa masomo." Mama mmoja akamrukia: alilipa ili ale wajane? Kijana akasema marehemu ndiye mwenye kosa, alisoma kwa jasho la mdogo wake akashindwa hata kumnunulia baiskeli mpya. Wakaendelea. Kurant ya umeme ilikatika, wakaendelea gizani. Hakuna aliyempenda baba mdogo na hakuna aliyeondoka.

Hapo ndipo nilipopata ninachotaka kuwaambia, na mengine yote nitakayosema ni kuni za moto huo. Mtazamaji hahitaji kumpenda mtu. Anahitaji kujua mtu huyo anataka nini, na ameshalipa nini ili akipate. Ukimpa hayo mawili, atakaa, hata kama anatamani kumrushia kiatu.

Msidhani ni jambo la kizungu. Bibi yangu hakuwahi kuona televisheni yenye rangi, na alituhadithia Kalulu, sungura mjanja. Mnamjua. Kiangazi kimekausha mito, wanyama wote wanachimba kisima. Kalulu anasema kazi hiyo si yangu, analala kivulini. Maji yakitoka, usiku anakuja kunywa, tena anaoga humo ayachafue. Analaghai walinzi mmoja baada ya mwingine mpaka kobe anapopakwa ulimbo mgongoni na kumnasa. Sasa niambieni, ukumbini kwa bibi tulikuwa upande wa nani? Upande wa wachimbaji waliotoa jasho? Hata siku moja. Tulikuwa na mvivu, mwizi wa maji, na tulilia aliponasa. Kalulu hana wema wowote wa kuonyesha. Ana kiu, na ni mdogo kuliko wote, na sisi tulikuwa wadogo kuliko wote ndani ya nyumba.

Wazee wetu wa kundi la Mufwankolo, waliotufundisha wote hapa Lubumbashi kwamba Kiswahili chetu kinaweza kusimama jukwaani na kwenye televisheni, walikuwa na njia yao. Mwaka 1986 walichukua msemo kuhusu mamlaka, kwamba huliwa nzima, hayagawanywi. Hawakuandika mistari. Walikaa, wakaujadili: maana yake nini, nani huusema, nani huumia. Kila mmoja akajaza mtu wake kwa maneno yake mwenyewe, kisha wakaenda kucheza kijijini Kawama. Ninalopenda hapo ni mahali walipoanzia. Sisi huanza kwa kugawa: wewe mzuri, wewe mbaya. Wao walianza na swali ambalo wenyewe walikuwa wanabishania.

Tukienda mbali kidogo, kuna mambo ya kujifunza, na mengine ya kuogopa.

Rubí, ile ya Mexico ya 2004, wengi wenu mmeifuata mpaka chakula kikaungua. Akteri wa hadithi ile ni nani? Ni Rubí mwenyewe, binti maskini aliyemwacha daktari anayempenda, akamchukua mchumba tajiri wa rafiki yake, rafiki mwenye mguu wa bandia aliyemfanya kama ndugu. Ni shefu bandi aliyekalishwa kiti cha akteri. Na tulimfuata, kwa sababu tunaujua umaskini alioukimbia. Mwishoni waandishi walishtuka wakachukua fimbo: wakamvunja uso, wakamkata mguu, ili sisi tulale vizuri. Mimi sikulala vizuri. Niliona wameniibia binti niliyekuwa nagombana naye.

Ya kuogopa inatoka Marekani. Breaking Bad ilianza 2008 ikaisha 2013: mwalimu wa kemia anapata saratani ya mapafu, anaanza kupika dawa za kulevya ili aiachie familia pesa. Vipindi vinavyosonga, mwalimu anakuwa mwuaji, na waandishi hawakuficha. Lakini kamera ilikaa naye. Ilikula naye, ilikohoa naye. Mkewe, Skyler, anapomuuliza ulikuwa wapi, kwa nini unanidanganya, watazamaji wengi walimchukia mke. Anna Gunn, aliyemcheza, aliandika katika New York Times mwezi Agosti 2013 jinsi chuki hiyo ilivyotoka kwa Skyler ikamfikia yeye mwenyewe. Mtu mmoja aliandika kwenye intaneti akiuliza atampata wapi amwue. Amwue mchezaji! Kwa kosa la kucheza mke anayeuliza mume wake maswali ambayo kila mama ndani ya sala hii ameshauliza.

Mimi hapo nilijifunza kwamba kupendwa hakutoki kwenye tabia ya mtu. Kunatoka mahali kamera ilipokaa. Ikikaa jikoni kwa mwuza sumu miaka mitano, utamwandalia chakula. Kwa hiyo anayeniambia "dada, tupe mtu wa kupendwa", namjibu kwamba hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote. Nipe vipindi vitatu, nitakupendesha hata yule mwenye pikapu ya kukodi. Kazi ngumu ni kukufanya umwone mjane wakati umekaa ndani ya shati la shemeji yake.

Kuna watu ninaowaheshimu wanaopinga. Mashirika yanayotengeneza hadithi za redio kwa ajili ya afya na amani yana njia ya mtu wa Mexico, Miguel Sabido, aliyeifanyia kazi tangu miaka ya 1970: uwe na watu wazuri, watu wabaya, na katikati watu wanaoyumba, ambao msikilizaji atawafuata. Tanzania waliitumia katika Twende na Wakati, iliyoanza redioni 1993. Ndani yake kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori, wanawake kila kituo, na mwisho wake ukimwi. Mbaya wa wazi kabisa, na watu walisikiliza, na wengi walibadili mwenendo. Siwezi kusimama hapa nikadharau hadithi iliyookoa watu. Ugonjwa ukiwa barabarani, hakuna muda wa kujadili kaye ya makala.

Tena kuna jambo linalonipinga mimi mwenyewe, nalo nitalisema kabla vijana hawajalisema. Ukimwonyesha mtu mbaya akiwa na ubinadamu wake, wapo watakaompenda kwa ubaya wake. Marekani miaka ya 1970 kulikuwa na mchezo wa kuchekesha wenye baba mmoja, Archie Bunker, mbaguzi wa kila kitu. Walioutengeneza walitaka ubaguzi uchekwe. Watafiti wawili, Vidmar na Rokeach, walipochunguza mwaka 1974, walikuta kwamba watazamaji wenye ubaguzi walimfurahia Archie kama msemaji wao. Baba mdogo wetu naye ana wapenzi wake. Kijana mmoja, alipoona kipande kile, alimuuliza mwenzetu ile kaye inauzwa wapi. Sijui alitania.

Kwa hiyo dawa kamili sina. Lakini njia ya mbaya wa wazi ina gharama, na gharama hiyo hatulipi sisi waandishi.

Nikitaka mcheke haraka, namleta mtu anayevuta maneno kama watu wa Kasai, mkoa wa jirani, namfanya mchoyo. Nikitaka muogope haraka, naleta askari anayefoka Kilingala. Nimefanya hivyo mara nyingi na mmepiga makofi. Ni njia ya mkato: mnamjua mbaya kabla hajafanya lolote. Lakini mimi nilikuwa na miaka 10 mwaka 1992, wakati jirani zetu waliotoka Kasai walipoanza kuitwa bilulu, wadudu, watu waliozaliwa hapa, wenye makaburi ya baba zao hapa. Walifukuzwa hapa, Likasi, Kolwezi, wakalala kwenye stesheni wakisubiri treni. Mama wa jirani, aliyekuwa akitukopesha chumvi, alipita mbele ya lango letu na godoro kichwani, na mimi nilikuwa nimesimama na watoto wenzangu tukiigiza jinsi anavyosema. Tuliigiza vizuri. Tulikuwa tumejifunza kwenye vichekesho.

Na kuna mbaya mwingine anayependwa sana na hadithi zetu: mchawi. Filamu za Nigeria, teatri za Kinshasa, na zetu pia. Biashara imekufa, mtoto anaumwa, mume halali nyumbani, nani amefanya? Kipindi cha mwisho, mchungaji anaingia, kidole kinanyooshwa kwa shangazi mzee, au kwa mtoto wa kambo. Amepatikana! Hakuna tena haja ya kuuliza mishahara ilikwenda wapi. Nchi hii imelazimika kuweka ndani ya sheria ya kulinda watoto, ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, adhabu kwa anayemsingizia mtoto uchawi. Wabunge hawaandiki kifungu cha namna hiyo kwa kukosa la kufanya. Papa Kure anawajua watoto wanaolala karibu na soko, na anajua wangapi kati yao walifukuzwa nyumbani kwa neno hilo.

Sisemi tuwaondoe wabaya. Baba mdogo ni mbaya. Anawaondolea watoto paa. Ninachokataa ni mbaya ninayeweza kumtambua kwa lafudhi yake, au uzee wake, au miwani yake, halafu nirudi nyumbani bila kujitazama.

Binti mmoja ameinua mkono tangu zamani. Anauliza: kama hakuna shefu bandi, watoto watajuaje lipi ni baya?

Mwanangu, swali hilo lilinisumbua mpaka ile jioni ya shuka. Kuna mahali ambapo baba mdogo, baada ya kufunga kaye, ananyanyua televisheni mwenyewe. Ni nzito, ni ya zamani. Kamba ya umeme inaburuta chini, na juu ya televisheni kulikuwa na picha ya kaka yake na joho. Anaiondoa kwa mkono mmoja, anampa mjane, na anafuta macho kwa bega kwa sababu mikono imejaa. Mtoto wa miaka kama sita, aliyekaa mbele kama hawa, alimwambia mama yake kwa sauti: "Ule papa analia, lakini anaiba." Hakuna aliyemfundisha. Aliona vitu viwili kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilikuwa pale.

Jenereta imeanza kukohoa, naiona kwenye taa. Tutawaonyesha dakika kumi na mbili tu. Kipindi cha mwisho hakipo, na sababu yake amekaa pale karibu na mlango, mwenzetu anayecheza mjane. Mimi niliandika kwamba baada ya mwaka mmoja baba mdogo anaumwa, na mjane anampelekea chakula hospitalini. Nilidhani ni ukurasa mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Yeye aliusoma, akaukunja mara mbili, akauweka ndani ya mkoba. Akasema chakula atapeleka, kwa sababu mgonjwa ni mgonjwa, lakini hatamlisha kwa mkono wake, na kabla hajafungua sufuria atamuomba kwanza ile kaye. Nimemuuliza ataifanyia nini. Amesema atajua akiishika.

Basi kamera bado iko ndani ya mfuko wake. Zimeni taa.